Usiuze mwamba kwa bei ya kibarua

Ukienda hoteli, au ile nyumba mnayochangia kukodi wikendi, lazima upige picha kando ya bwawa la kuogelea, pale maji yanapoporomoka kutoka kwenye mwamba. Siku nyingine ugonge huo mwamba. Ukisikia mlio wa kitu chenye uwazi ndani, jua hilo si jiwe. Ni saruji, na kuna kijana aliyeichonga kwa mkono.

Kijana huyo mara nyingi hulipwa kwa siku, sawa na mtu wa mkono wa mjengo. Mimi naona huo ni upunjaji. Tena ni hatari, na si kwake pekee.

Hebu tazama kazi yenyewe. Unakunja vyuma hadi vipate umbo la mwamba, unavifunga kwa waya, unavivika wavu wa kuku, kisha unapiga plasta tabaka kwa tabaka. Tabaka la mwisho likianza kukaza, una saa chache tu za kuchonga nyufa na mashimo kwa mwiko na brashi. Ukichelewa, imekula kwako. Halafu unachanganya rangi za oksaidi, unapaka kidogo kidogo hadi macho yadanganyike.

Ati ni kazi ya watu ambao hawakusoma? Mwaka wa 1867, Joseph Monier, mtunza bustani wa Ufaransa, alipata hataza ya vyungu vya bustani vya saruji yenye vyuma ndani. Mwaka huohuo bustani ya Buttes-Chaumont ilifunguliwa jijini Paris ikiwa na pango lililopambwa kwa miamba bandia. Leo ghorofa za Westlands zimesimama kwa wazo lilelile la saruji na vyuma. Monier hakuwa mhandisi.

Sasa, hatari iko wapi? Mita moja ya ujazo ya zege ina uzani wa takriban kilo 2,400. Mwamba mkubwa unahitaji msingi wake. Ukiegemezwa tu kwenye ukuta wa bwawa, ukuta unaweza kupasuka na maji yavuje. Plasta ikiwa nyembamba, maji yenye klorini yanafikia vyuma, vinashika kutu, vinavimba na kupasua saruji. Usipoulowesha mwamba kwa siku kama saba hivi, unakauka haraka na kuweka nyufa. Vyuma vya ndani navyo vinafaa kuunganishwa na waya wa athi na fundi wa umeme mwenye leseni ya EPRA, manake pampu na taa ziko hapohapo na waogeleaji wamelowa. Na mwamba wa kupandika haufai kuwekwa kwenye kina kifupi. Watoto wataruka tu, hata ukiandika kibao.

Hatua hizi zote ni pesa na muda, kwa hivyo mwenye nyumba atataka ziachwe. Anayelipwa kwa siku atamwambia nini? Akibisha, kesho haitwi. Ndiyo maana nasema malipo ya siku ni hatari: yanamfunga mdomo mtu pekee anayejua kilicho ndani ya ule mwamba.

Kwa hivyo msee, ukiijua kazi hii, usitaje bei kabla hujapima. Hesabu eneo, vifaa, siku za kulowesha na ubunifu wako, kisha utoe bei ya kazi nzima. Andikeni mkataba, hata kama ni ukurasa mmoja. Piga picha za kila hatua, hasa vyuma kabla havijafunikwa. Na uende NITA ufanye mtihani wa uashi. Gredi zinaanzia III hadi I. Mimi niliacha chuo, siwezi kukuimbia wimbo wa digrii. Lakini karatasi inayosema unachokijua tayari inakupa nguvu mezani mkijadili bei.

Na wewe unayepanga kujengewa bwawa, usianze kwa kuuliza "siku ni ngapi?" Mwambie fundi akuonyeshe picha za vyuma vya mwamba wa mwisho aliojenga. Akiwa nazo, mlipe anachotaja.