Kemikali za viwandani na afya ya wakazi: Kwa nini kipimo kitangulie ugonjwa

Mbezi Luis, katika Manispaa ya Ubungo, ni miongoni mwa maeneo ya pembezoni mwa Dar es Salaam yaliyobadilika kwa kasi. Kituo Kikuu cha Mabasi cha Magufuli, kilichozinduliwa mwaka 2021, kimeongeza msukumo wa biashara kando ya Barabara ya Morogoro. Gereji, karakana za uchomeleaji, maduka ya betri na wanunuzi wa vyuma chakavu wamesogea karibu na nyumba za kuishi, na nyumba nazo zimeendelea kujengwa karibu nao. Hali hiyo haiko Mbezi Luis peke yake. Inaonekana pia Kinondoni, Temeke na katika kila mji unaokua haraka kuliko mipango yake ya matumizi ya ardhi.

Ukaribu huo umeleta ajira na huduma. Umeleta pia swali ambalo wananchi wengi hulijibu kwa macho na pua pekee: je, shughuli hizi ni salama kwa wanaoishi jirani? Moshi ukionekana au harufu ikisikika, malalamiko hufika ofisi ya Serikali ya Mtaa. Moshi ukitoweka, watu huamini kuwa hatari imeondoka. Ushahidi wa kisayansi unaonesha vinginevyo. Kemikali zenye madhara makubwa zaidi mara nyingi hazionekani wala hazinuki, na baadhi yake zikishaingia mwilini hukaa humo kwa miaka mingi baada ya chanzo chake kufungwa.

Jinsi risasi inavyojificha mwilini

Mfano ulio wazi ni madini ya risasi. Zaidi ya nusu ya uzito wa betri ya kawaida ya gari ni risasi. Betri chakavu inapovunjwa na kuyeyushwa bila mitambo ya kudhibiti moshi, vumbi la risasi husambaa hewani, hutua juu ya udongo, paa, nguo zilizoanikwa na vyombo vya chakula. Maji ya tindikali yanayomwagwa ovyo hubeba mabaki mengine hadi kwenye mitaro.

Mtoto anayetambaa au kucheza chini hulishika vumbi hilo na kulipeleka mdomoni. Shirika la Afya Duniani (WHO) linaeleza kuwa mtoto mdogo hufyonza risasi anayoimeza kwa kiwango cha mara nne hadi tano kuliko mtu mzima. Mtoto mwenye upungufu wa madini ya chuma au ya kalsiamu hufyonza zaidi, kwa kuwa mwili unaotafuta madini hayo huipokea risasi kana kwamba ni mojawapo.

Ndani ya damu, kiasi cha risasi hupungua kwa nusu katika muda wa takribani mwezi mmoja. Hapo ndipo penye hadaa. Sehemu hutoka kwa njia ya mkojo, lakini sehemu nyingine huhamia kwenye mifupa na meno, inakoweza kukaa kwa miongo kadhaa. Kwa mtu mzima, zaidi ya asilimia 90 ya risasi yote iliyomo mwilini huwa imehifadhiwa kwenye mifupa. Mwanamke aliyeishi jirani na chanzo cha risasi utotoni anaweza kuibeba hadi siku atakapopata ujauzito. Mwili wake unapochota kalsiamu kutoka kwenye mifupa kwa ajili ya mtoto, risasi nayo hurudi kwenye damu na kupita kwenye kondo la nyuma. Kwa njia hiyo, uchafuzi wa jana hufika kwa mtoto ambaye bado hajazaliwa.

WHO inasisitiza kuwa hakuna kiwango cha risasi katika damu kinachojulikana kuwa salama. Mwongozo wake wa mwaka 2021 unaelekeza kuwa mtu anapokutwa na mikrogramu 5 au zaidi kwa desilita moja ya damu, chanzo kitafutwe na kuondolewa. Ripoti iliyotolewa mwaka 2020 na Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Watoto (UNICEF) na taasisi ya Pure Earth ilikadiria kuwa takribani mtoto mmoja kati ya watatu duniani amefikia au kuvuka kiwango hicho. Madhara yake ni pamoja na upungufu wa damu, kudhoofika kwa figo, shinikizo la damu na, kwa watoto, kupungua kwa uwezo wa kujifunza. Dalili hizo hufanana na za maradhi mengine, hivyo mzazi anaweza kutumia miaka mingi akitibu homa na tumbo bila kujua kiini.

Funzo la Owino Uhuru

Gharama ya kuchelewa kupima imeonekana kwa jirani. Katika makazi ya Owino Uhuru, Mikindani, mjini Mombasa nchini Kenya, kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu kilianza kazi mwaka 2007 pembeni mwa nyumba za watu wapatao 3,000. Phyllis Omido, aliyekuwa mfanyakazi wa kiwanda hicho, alianza kuhoji usalama wake baada ya mwanawe mchanga kuugua na vipimo kuonesha kuwa na risasi mwilini. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014. Mwaka uliofuata Omido alipata Tuzo ya Mazingira ya Goldman kwa kuongoza madai ya wakazi.

Uchunguzi uliofanyika baadaye ulilinganisha watoto wa Owino Uhuru na wa makazi ya Bangladesh, ambayo pia yako Mombasa. Wastani wa risasi katika damu ya watoto wa Owino Uhuru ulikuwa mikrogramu 7.4 kwa desilita, na kwa watoto wa Bangladesh 3.7. Watoto hao walifanana kwa kipato na mazingira ya maisha. Kilichowatofautisha kilikuwa umbali kutoka kiwandani.

Mwezi Julai 2020, Mahakama ya Mazingira na Ardhi mjini Mombasa iliamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi za Kenya bilioni 1.3, ikizitia hatiani kampuni pamoja na taasisi za umma zilizopaswa kusimamia. Mwaka 2023 Mahakama ya Rufani ilitengua fidia hiyo, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairejesha. Miaka kumi ilikuwa imepita tangu kiwanda kufungwa. Mtoto aliyekuwa na umri wa miaka mitatu wakati lango linafungwa alikuwa amefikia umri wa kumaliza elimu ya msingi, na hakuna fidia inayoweza kumrudishia miaka ambayo ubongo wake ulikuwa unakua.

Ushahidi ulio karibu zaidi

Tanzania nayo ina ushahidi wake. Mwaka 1986, shamba la Vikuge, Kibaha mkoani Pwani, lilipokea msaada wa viuatilifu kutoka Ugiriki, ambavyo sehemu yake ilikuwa imepitwa na wakati. Banda la kuhifadhia lilianguka na kemikali hizo zikabaki zikinyeshewa. Mabaki yaliyoonekana yaliondolewa baadaye. Hata hivyo, watafiti walipopima eneo hilo na kuchapisha matokeo yao mwaka 2004, walikuta baadhi ya sampuli za udongo wa juu zikiwa na DDT kwa kiasi cha hadi asilimia 28. Mabaki yalipatikana pia katika kina cha sentimita 50 na katika maji ya visima. Eneo lililoonekana safi lilikuwa bado taka hatarishi, na vijiji vinavyolizunguka vilikuwa bado hatarini.

DDT na kemikali za jamii yake huhifadhiwa kwenye mafuta ya mwili, tofauti na risasi inayokaa kwenye mifupa. Kiasi chake huongezeka kutoka hatua moja ya chakula hadi nyingine: kutoka udongo hadi nyasi, kutoka nyasi hadi mnyama, na kutoka kwa mnyama hadi kwa binadamu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 kuhusu maziwa ya akina mama 95 wa kaskazini mwa Tanzania ulikuta mabaki ya DDT katika sampuli zote. Matokeo hayo si sababu ya mama kuacha kunyonyesha. WHO inaendelea kushauri kunyonyesha kwa kuwa faida zake ni kubwa. Sababu ipo ya kuzuia kemikali hizo kabla hazijafika kwa mama.

Jijini Dar es Salaam, watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walichapisha mwaka 1999 matokeo ya vipimo vya mboga za majani zilizolimwa kandokando ya mito Sinza na Msimbazi. Mchicha, majani ya kunde, majani ya maboga na mboga nyingine zilipimwa shaba, zinki, risasi na kadimi, na baadhi zilikutwa na viwango vinavyozidi vile vinavyokubalika kimataifa. Kwa hiyo mkazi anayeishi mbali na kiwanda anaweza kufikiwa na uchafu wake kupitia fungu la mchicha sokoni. Maji yanayotiririka kutoka maeneo ya juu hayajui mpaka wa kata wala wa manispaa.

Sheria ipo, nguvu yake ni vipimo

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inatamka katika kifungu cha 4 kuwa kila mtu anayeishi Tanzania ana haki ya mazingira safi, salama na yenye afya. Kifungu cha 5 kinampa haki ya kwenda mahakamani pale haki hiyo inapotishiwa. Sheria hiyo pia inabeba msingi wa mchafuzi kulipa na inataka miradi husika ifanyiwe Tathmini ya Athari kwa Mazingira chini ya usimamizi wa Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira (NEMC). Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali inasimamia Sheria ya Kemikali za Viwandani na Majumbani ya mwaka 2003. Ukusanyaji na usafirishaji wa taka hatarishi, betri chakavu zikiwemo, unahitaji kibali.

Wananchi wa jiji hili wamewahi kuitumia haki hiyo hata kabla ya sheria ya sasa. Katika shauri lililofunguliwa mwaka 1988, wakazi wa Tabata walilalamikia moshi na harufu ya dampo, na Mahakama Kuu ikaiamuru Halmashauri ya Jiji kuacha kutupa taka hapo. Mahakama ilihusisha hali hiyo na haki ya kuishi iliyomo katika Ibara ya 14 ya Katiba.

Tofauti iliyopo ni kwamba moshi wa Tabata ulionekana na kila mtu, wakati risasi iliyo kwenye mfupa wa mtoto haionekani bila maabara. Kiwanda kikubwa chenye cheti cha mazingira hukaguliwa kwa ratiba. Karakana iliyo uani, inayoyeyusha betri usiku, haimo katika orodha yoyote. Hapo ndipo Maafisa Mazingira, Maafisa Afya wa Kata na Wenyeviti wa Serikali za Mitaa wanapohitajika zaidi, kwa sababu wao ndio wanaojua kinachofanyika nyuma ya kila geti. Upimaji wa damu kwa watoto wanaoishi jirani na shughuli za aina hiyo, sambamba na upimaji wa udongo, ungewezesha hatua kuchukuliwa kabla ya ugonjwa.

Mwananchi naye ana sehemu yake. Betri chakavu zisivunjwe wala kuyeyushwa nyumbani, na ziuzwe kwa wakusanyaji wenye kibali pekee. Anayefanya kazi ya betri, rangi au uchomeleaji abadilishe nguo na kuoga kabla ya kubeba watoto. Sakafu ipigwe deki kwa kitambaa chenye maji badala ya kufagiliwa ikiwa kavu, mikono ya watoto inawe kabla ya kula, na mlo uwe na vyakula vyenye madini ya chuma na kalsiamu, kama dagaa, maziwa na maharage. Mwenye shaka kuhusu shughuli iliyo jirani atoe taarifa kwa Serikali ya Mtaa au ofisi ya NEMC ya kanda, akieleza mahali, muda na aina ya kazi inayofanyika.

Hatua za pamoja huzaa matunda. Nchi za Afrika Kusini mwa Sahara ziliacha petroli yenye risasi kufikia mwanzoni mwa mwaka 2006, na mwaka 2021 Algeria ikawa nchi ya mwisho duniani kuiacha katika magari. Nchi zilizofuatilia damu za watoto wao ziliona risasi ikishuka mwaka hadi mwaka. Ziliweza kuona hivyo kwa sababu zilikuwa zikipima, na wakazi wa Mbezi Luis wanastahili kupimwa vivyo hivyo.