Sweta la Bibi Lina Kosa Gani?

Mwaka jana mjukuu wangu alirudishwa nyumbani kutoka shuleni kwa kosa la kuvaa sweta. Ndugu msomaji, sikukosea kuandika. Hapa kwetu Lushoto asubuhi za mwezi wa Julai zina baridi, na sweta lenyewe lilikuwa la kijani kama shule ilivyoagiza. Kosa lake ni kwamba lilifumwa na bibi yake. Yanayotakiwa, tuliambiwa, ni yale ya mashine yanayouzwa katika duka fulani, ili watoto wafanane.

Nimefundisha kwa karibu miaka 40, na mingi kati ya hiyo nilikuwa mwalimu mkuu. Napenda sana watoto wafanane. Lakini nasema bila kumung'unya maneno: shule inayomvua mtoto kazi ya mikono ya nyumbani kwao inamfundisha kuidharau mikono hiyo.

Wapo watakaonijibu kwamba kushona na kufuma nyumbani kumekufa kwenyewe. Eti vitambaa ni ghali, nyuzi ni adimu, na mitindo haina pa kupatikana. Hayo si kweli. Uhaba wa kitambaa mimi nimeuona kwa macho. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 viwanda vya Urafiki na Mwatex tulikuwa navyo, lakini gora moja likifika duka la kijiji lilikwisha kabla ya saa nne asubuhi. Hata hivyo watu walishona! Walishona mifuko ya unga wa ngano, walishona mapazia, walishona kaniki. Mwaka 1984 serikali ikawaruhusu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa, nguo zikaanza kujaa, na mitumba ikazidi kumiminika. Cherehani za nyumbani zikanyamaza wakati kitambaa kimefurika. Basi kilichoziua si uhaba. Ni aibu. Tuliwafundisha watu kwamba anayejishonea ni yule aliyeshindwa kununua.

Wengine huilaumu mitumba. Mwaka 2016 wakuu wa nchi za Afrika Mashariki waliazimia kuiondoa hatua kwa hatua, lakini hadi leo marundo yapo sokoni. Mke wangu hayalaumu. Kwake yeye ni ghala. Huchagua sweta kubwa la kiume, akaligeuza ndani nje na kutazama mishono. Ikiwa kingo zimefumwa zikakamilika, atanunua, kwa kuwa uzi wake utafumuka mrefu bila kukatika. Ikiwa zimekatwa kwa mkasi na kupigwa ovaloki, analirudisha, maana humo hutoka vipande vitupu. Akishafumua, huufunga uzi fungu fungu, huufua, huuanika ukining'inia na kitu kizito ili mikunjo inyooke, kisha huuviringa. Sweta la kosa lilizaliwa hivyo.

Vitambaa navyo ni hivyo hivyo. Shuka moja ya mtumba hutoa magauni mawili ya mtoto. Chini ya meza ya fundi yeyote kuna mabaki ya kutosha kushonea mfuko au foronya. Usiyejua umeshika pamba au la, choma uzi mmoja: pamba hunuka kama karatasi na kuacha jivu laini, nailoni na jamii yake huyeyuka na kuacha kidonge kigumu. Na kabla ya kukata pamba, ifue kwanza, isije ikarudi baada ya kushonwa.

Na mitindo? Fumua gauni lililochakaa, tandaza vipande vyake juu ya gazeti, chora, ongeza nafasi ya mshono. Umepata kipimo bila kulipa mtu. Maua utayapata katika pindo la khanga, na mistari katika ukili wa mkeka. Mke wangu akipanda basi, humkazia macho abiria wa mbele mwenye sweta zuri, akihesabu vitanzi kwa vidole. Mara nyingine abiria hugeuka kwa wasiwasi.

Hata hivyo sina haki ya kuwanyooshea wengine kidole kabla sijajinyooshea mwenyewe. Mwaka 1983 nilimrudisha kwao msichana aliyevaa sketi ya buluu mbili, nusu iliyokolea na nusu iliyopauka. Mama yake akaja naye. Hakugomba. Aliipindua sketi ndani nje akanionyesha mshono, ulionyooka kama rula, kisha akauliza, "Mwalimu Mkuu, hapa nimekosea wapi?" Nilimpokea mtoto darasani, lakini swali sikulijibu. Nalijibu leo: mama, hukukosea. Mimi ndiye niliyekosea.

Leo tunaisifu elimu ya amali. Sera ya Elimu ya mwaka 2014, toleo la 2023, imeipa mkondo wake katika sekondari. Nafurahi. Lakini tutamfundishaje kijana ushonaji darasani huku getini tunamvua kilichoshonwa kwao? Walimu wakuu wenzangu mlio kazini, tajeni rangi, tajeni na urefu, kisha mwacheni mzazi achague kununua, kushona au kufuma. Anayetaka duka aende dukani. Asiyetaka asiadhibiwe.

Sweta la duka tulilinunua. Ni jepesi, hivyo siku za baridi kali mjukuu huvaa lile la bibi ndani, lisionekane. Hilo naweza kulivumilia. Nisiloweza kuvumilia ni jingine. Kabla ya siku ile alikuwa akikaa jioni miguuni pa bibi yake akijifunza kufuma, na alikwisha kufikisha shingo ya kisweta cha mdogo wake. Tangu aliporudishwa hajazigusa tena sindano. Kisweta kiko kikapuni, na mdogo wake anazidi kukua.