MAMBO YA NCHI ZA MBALI: KITANDA CHA MGENI HUKO LA PAZ

Mume mmoja na mkewe, wenyeji wa Buenos Aires katika nchi ya Argentina, walialikwa na rafiki zao wawatembelee La Paz, mji wenye makao ya serikali ya Bolivia, ijapokuwa kwa sheria mji mkuu ni Sucre. Rafiki hao walikuwa jirani zao kwa miaka mingi, maana Wabolivia wengi huhamia Buenos Aires kutafuta kazi. Huko walitaniwa, na pengine kudharauliwa, kwa kuwa ni watu wa milimani. Baadaye wakarudi kwao, wakajenga nyumba ya matofali huko El Alto, na haja yao kubwa ilikuwa wale jirani waje wale chakula mezani pao.

Buenos Aires i kando ya mto mpana, karibu sawa na bahari. Uwanja wa ndege wa El Alto u juu zaidi ya futi 13,000, yaani karibu na kimo wanacholala wapandao Mlima Kenya kabla ya kukabili kilele. Lakini mpanda mlima huenda polepole kwa siku kadhaa. Abiria wa ndege hufika kwa saa chache, na mwili wake haujapata habari. Hewa ya huko ni nyepesi hata pumzi moja haifikii theluthi mbili ya pumzi ya pwani.

Wageni wakalakiwa kwa kukumbatiwa. Mume akauliza nyumba i wapi.

“Ni upande ule,” akajibu mwenyeji, “lakini leo hatuendi huko, ndugu yangu. Mtalala kwa dada yangu huko Obrajes.”

Obrajes ni mtaa ulio bondeni, karibu futi 2,000 chini ya uwanja ule. Katika miji mingi matajiri hujenga vilimani wapate kuwatazama wengine. La Paz ni kinyume. Wenye mali hukaa chini, penye joto na hewa nzito zaidi, na watu wa kipato kidogo wamejaa juu penye baridi.

Mgeni hakufurahi. Je, asafiri mwendo wote huo ili akalale kwa mtu asiyemjua? Alidhani rafiki yake anaionea haya nyumba yake, na ndani ya gari alikaa kimya, uso ameukunja. Ndipo mke wa mwenyeji akageuka akasema, “Shemeji, kitanda chenu kimetandikwa tangu Jumapili. Hakitakimbia.”

Walipofika, mume akashika masanduku yote mawili akapanda nayo ngazi, ili kuonyesha kwamba hana udhaifu. Kabla ya usiku wa manane kichwa kilikuwa kikimgonga kama ngoma, chakula kimemrudi, na usingizi hauji. Mkewe, aliyepanda taratibu mikono mitupu, alipata maumivu madogo tu. Yule dada, ambaye ana duka la dawa, akawapa maji mengi na chai ya majani ya koka, kinywaji cha kila nyumba huko. (Yafaa msafiri ajue kwamba majani hayo ni halali Bolivia, bali ni marufuku katika nchi nyingi, asiyatie mfukoni wakati wa kurudi.) Akakataza pombe na mlo mzito. Akaeleza pia dalili za kuogopwa: mtu akihema hali amekaa, akiyumba kama mlevi, au akikohoa povu, asingojee asubuhi, ashushwe upesi, apelekwe hospitali.

Siku ya pili na ya tatu zilipita kwa kupumzika na kuzungumza. Mwenyeji hakuweza kujizuia kukumbusha tarehe 1 Aprili 2009, Argentina ilipofungwa na Bolivia mabao 6 kwa 1 mjini humo, kocha akiwa Diego Maradona. Zamani mgeni alikuwa akisema hewa ni kisingizio tu. Safari hii alicheka, akishika kichwa.

Siku ya nne wakapanda kwa vile vijumba vinavyoning'inia kwenye waya wa chuma, ambavyo njia yake ya kwanza ilifunguliwa mwaka 2014, wakiona mapaa ya nyumba chini ya miguu yao na theluji ya mlima Illimani mbele.

Mezani palikuwa na nyama, na chunyo, viazi vyeusi vyepesi kama kizibo. Mkulima wa Kinangop, ambaye mbegu ya viazi vyake asili yake ni milima hiyo ya Andes, angependa kujua vinavyofanywa. Wakati wa baridi kali, mwezi wa Juni na Julai, viazi hutandazwa chini vigande usiku. Mchana hukanyagwa kwa miguu maji yatoke, kisha huanikwa juani. Vikikauka hukaa miaka bila kuoza. Kuvipika kwataka subira, kwani mjini La Paz maji huchemka kwenye digrii 88 tu badala ya 100, na El Alto chini ya hapo.

Usiku huo wageni walilala katika kitanda chao. Mke wa mwenyeji aliamka mara mbili, akasimama mlangoni gizani kusikiliza pumzi zao, kisha akarudi kulala.