Kikomo bila daftari: barua kwa watu wa Chara

Kwa wazee wangu, mama zangu na vijana wote wa Chara, pamoja na jirani zetu wa Oda, Ngao na Kilelengwani, ambao najua barua hii itawafikia wakitaka wasitake.

Mimi huku Derby, katika nchi ya Uingereza, ni mzima wa afya, na wa kuhofiwa ni nyinyi. Na hofu hiyo imezidi tangu niliposikiliza ile sauti ndefu mliyonitumia kwa simu, ambamo ndugu zangu wawili wanapokonyana maneno kwa hasira, wakinieleza jinsi mashindano yetu ya lokesheni yalivyovunjika siku ya nusu fainali kwa ajili ya kipa mmoja kutoka Malindi, aliyeandikishwa kuwa ni mpwa wa mtu ambaye sote twajua hakujaliwa kuwa na dada.

Msidhani kwamba naudharau uamuzi wa kamati. Kuweka kikomo cha matumizi, ili timu ya kijiji chenye tajiri mmoja isije ikazimeza timu za vijiji ambavyo mali yake yote ni maembe na mpunga, ni jambo la insafu, na walioliwaza waliwaza vyema. Lakini kikomo kikishawekwa, kazi ya kwanza ya wenye fedha aghalabu huwa ni kuyatafutia matumizi yao majina mapya. Kwa maelezo yenu wenyewe, ujira wa mamluki ukaitwa nauli, na nauli ikaitwa chai. Jezi zikaletwa na mheshimiwa mtarajiwa, na kwa kuwa ni hadiya hazikuhesabiwa. Petroli ya bodaboda ikajazwa huko Garsen kwa jina la mtu asiye mwanachama wa timu yoyote. Na mbuzi aliyechinjwa usiku wa kuamkia mechi mkaambiwa ni wa hitima, ya marehemu ambaye jina lake hakuna aliyelitaja. Kamati ikatazama, ikakuta kikomo hakikuvukwa hata kwa shilingi moja. Ajabu iliyoje!

Wala msiniambie kuwa huu ni mchezo tu. Nchi yetu ile, ambayo mwaka 2012 ilizika watu wake waliouawa katika mapigano, kuanzia Riketa hadi Kilelengwani, haina ruhusa ya kuuchezea ugomvi, hata ugomvi uliozaliwa kati ya milingoti ya goli. Na mpira ni moja katika mambo machache yanayowafanya vijana wa Kipokomo na wa Kiorma wasimame uwanja mmoja bila ya askari baina yao.

Sasa nisikilizeni niwape habari za huku. Mji huu una klabu yake, Derby County, ambayo wazee wa mpira watakumbuka kuwa ilikuwa bingwa wa Uingereza mwaka 1972 na tena mwaka 1975. Ligi wanayochezea, iliyo chini ya ile kuu, ilikuwa imeamuru kwamba klabu isipate hasara ya zaidi ya pauni milioni 39 katika muda wa miaka mitatu. Mwenye klabu wa wakati ule, Mel Morris, alikuwa ametumia mno katika kuitafuta ligi kuu asiipate. Basi mwaka 2018 klabu ikakiuza kiwanja chake, Pride Park, kwa kampuni ya huyo huyo mwenye klabu, kwa bei ya pauni milioni 80 hivi, ilhali vitabuni kiwanja hicho kilikuwa kimeandikwa kwa karibu nusu ya thamani hiyo. Na ile tofauti ikaingia katika hesabu kuwa ni faida, mwaka wa hasara ukageuka kuwa mwaka wa neema. Ni kama mtu wa kijiji cha Ozi auzaye mtumbwi wake kwa mkewe, kisha akapiga mbiu kijiji kizima kuwa leo amepata, na mtumbwi ungali umefungwa kwenye mti ule ule. Wasimamizi wa ligi waliishitaki klabu, na katika shauri la kiwanja wakashindwa. Kilichokuja kuinasa ni namna ilivyozipanga vitabuni gharama za kununulia wachezaji, kinyume na desturi ya wahasibu. Mwaka 2021 fedha zikakatika, klabu ikakabidhiwa kwa wasimamizi wa mufilisi, ikapokonywa pointi 12 na baadaye 9 nyingine, na msimu ulipokwisha ikashuka daraja.

Lililonichoma si ile hila, kwani hila hata kwetu ipo, na pengine yetu ina ufundi zaidi. Lililonichoma ni kwamba niliweza kuifuata kwa macho yangu mwenyewe. Hesabu za kampuni za Uingereza huwekwa wazi kwa Msajili wa Makampuni, na mimi, mgeni wa watu, niliyekaa katika chumba cha mapumziko cha nyumba ya kutunzia wazee saa tisa za usiku, naweza kuzifungua katika simu yangu bila ya kulipa hata peni moja. Lakini hesabu za timu niliyoichezea miguu mitupu, na ambayo kila msimu huniomba mchango, sijapata kuonyeshwa ukurasa wake hata mmoja.

Na nyinyi mnayajua haya kuliko nijuavyo mimi. Nani katika banda la video asiyejua kwamba Chelsea iliuza hoteli zake mbili kwa kampuni nduguye kwa pauni milioni 76.5, na kwamba mwaka 2024 ikaiuza timu yake ya wanawake kwa njia iyo hiyo, na kwamba mchezaji wake Enzo Fernández alipewa mkataba wa miaka minane na nusu ili bei yake, ya pauni milioni mia na ushei, igawanywe mafungu madogo madogo, mpaka UEFA ikaamua kwamba ugawaji huo usipite miaka mitano? Mashitaka ya fedha ya Manchester City mnayahesabu kwa vidole. Lakini nilipouliza yule kipa wa Malindi alilipwa ngapi, na nani aliyemlipa, kila mtu alinijibu kwamba aulizwe mwenziwe.

Nchi nzima ndivyo ilivyo, hilo nakiri kwa niaba yenu. Gor Mahia, iliyotwaa Kombe la Washindi la Afrika mwaka 1987, ilikuwa bingwa wa Kenya mwaka 2023 na isende kucheza Afrika, kwa kukosa leseni ya klabu. Bunge lilipitisha sheria ya fedha za kampeni mwaka 2013. Tume ya uchaguzi ilipotangaza viwango vya matumizi mwaka 2021, Bunge lilo hilo likavitupa. Waheshimiwa, wa sasa na watarajiwa, wasiotaka kuhesabiwa fedha zao ndio hao wanaowaletea jezi, na uchaguzi wa mwaka 2027 uko mlangoni.

Basi rai yangu ni moja, na nitaishikilia mpaka mnichoke: acheni kikomo, wekeni daftari. Kila timu iwe na daftari la mistari, la kawaida, na kila kiingiacho kiandikwe siku ile ile kiingiapo, pamoja na jina la aliyekitoa, na kila kitokacho kiandikwe pamoja na jina la aliyekipokea. Hadiya nayo iandikwe kwa thamani yake, na thamani isiwe ile aitajayo mtoaji. Maana huku pia wenye klabu walikuwa wakishukiwa kujidhamini wenyewe kwa bei za uongo, hata ligi kuu ikalazimisha biashara ya jamaa kwa jamaa ipimwe kwa bei ya soko. Anayesema jezi zake ni za shilingi elfu mbili kwa timu nzima, na aulizwe mwenye duka wa Garsen. Mbuzi ana bei. Petroli ina bei. Hata wali wa mama anayemlaza mamluki nyumbani kwake una bei, na mama huyo aandikwe kwa heshima, kwani yeye aghalabu ndiye mfadhili pekee asiyetafuta kura.

Daftari hilo asilishike mweka hazina wa timu, ambaye sote twajua ni shemeji wa nani. Alishike mwalimu wa shule, au mmoja wa akina mama wa chama cha akiba, ambao wamekaa miaka wakigawana fedha bila ya kupoteza senti. Na kabla ya kila mechi, timu zikiwa zimekwisha jipanga, lisomwe kwa sauti mbele ya watu wote, kila timu ikisomewa lake. Kisha atakayetokea na kitu kisichomo daftarini, iwe kipa au kiatu, timu yake ikatwe pointi papo hapo, bila ya kusubiri kikao cha kamati wala chai ya kikao. Tajiri atumie atakavyo. Nataka tu atumie hali jina lake linasomwa jua la alasiri, na mkewe yupo anasikia, na waliomkopesha wapo wanasikia.

Najua mtakalosema. Mtasema aliyeondoka hana kauli, na kwamba ni rahisi kuamuru ukiwa kwenye chumba chenye joto la umeme. Mafuriko ya mwaka 2023 yalipowahamisha, mimi nilikuwa zamu ya usiku, nikimgeuza kitandani mzee wa watu wengine. Nilituma fedha, na fedha haimbebi mzee mgongoni. Hilo sina la kulijibu. Lakini nami ni mmoja wa wafadhili wenu, tena wa wale wasioandikwa popote, na mnaponipongeza kwa siri na kunisihi nisimwambie mtu kiasi nilichotoa, jueni kuwa mnaniweka safu moja na yule mwenye mbuzi wa hitima.

Fedha za jezi mlizoniomba kwa ajili ya mechi ya marudio ziko tayari. Nitazituma siku nitakayopokea picha ya ukurasa wa kwanza wa daftari, na mstari wa kwanza uwe jina langu na kiasi chote, bila ya kupunguza. Wasalimieni wote, na yule mjomba wa kipa mumsalimie pia. Mwambieni namuulizia dada yake.

Ni mimi mwana wenu,
Derby, Uingereza