Mabegi Matatu kwa Chumba cha Watu Wawili

Najua nimewapotea, zamu za usiku zimenibana kweli kweli. Leo nina jambo moja na nitalisema bila kuzunguka, maana kila ukifika mwezi wa saba simu zinaanza: "Mwanetu kapata chuo huko Marekani, hebu tuambie abebe nini?" Nikishajibu wanasema ahsante sana, halafu wanafungasha kile walichokwisha kuamua kufungasha.

Maoni yangu ni haya: lile begi hatulifungashi kwa ajili ya mtoto. Tunalifungasha kwa ajili yetu sisi tunaobaki. Shangazi kaleta blanketi, huwezi kuliacha. Jirani kaleta seti ya sufuria, atauliza kama zilifika. Mama anaogopa aibu, mwanawe asije akaonekana ametoka kwa watu wasio na kitu. Ni upendo, sikatai. Lakini upendo huo unalipiwa kwenye mizani ya uwanja wa ndege, kilo 23 kwa begi, na begi la tatu linaweza kula dola 200. Hela hiyo hiyo mtoto angeishika mkononi.

Tuanze na chumba chenyewe, maana nadhani wengi mnawaza chumba cha kupanga Sinza. Bweni la huku mwaka wa kwanza mara nyingi ni chumba kimoja cha watu wawili: vitanda viwili, meza mbili, viti viwili, makabati mawili membamba, dirisha. Basi. Choo na bafu viko kwenye korido, wanatumia wote. Mtoto wa ndugu yetu mmoja alifika hapa Minnesota na mabegi matatu, mimi ndiye niliyemsindikiza chuoni. Tulipoingiza la pili, mwenzake wa chumbani, binti wa Wisconsin, ilibidi apande kitandani ili sisi tupite. La tatu lilirudi nyumbani kwangu na liko stoo mpaka leo, lina sufuria saba na pasi.

Halafu shuka. Alibebeshwa shuka za tano kwa sita, nzuri, za kudarizi. Kitanda cha bweni wanakiita Twin XL, ni inchi 38 kwa 80. Kwa vipimo vyetu hiyo ni futi tatu na inchi mbili kwa futi sita na inchi nane. Shuka ya futi sita haifiki mwisho wa godoro, na upande inaning'inia mpaka chini. Shuka za saizi hiyo zimejaa madukani huku mwezi wa nane, bei si ya kutisha.

Vitu vya umeme ndiyo kabisa! Umeme wa huku ni volti 120, wa kwetu ni 230. Birika la nyumbani ukilichomeka hapa (ukishapata adapta) linafanya kazi kwa kama robo ya nguvu yake, utasubiri chai mpaka kipindi kiishe. Chaja ya simu na ya kompyuta hazina shida, soma maandishi madogo pale nyuma, zimeandikwa 100 mpaka 240. Hita ya kuchovya majini, jiko la koili, mishumaa, udi na ubani, hivyo vyuo vingi vimepiga marufuku kabisa. Wale shangazi zangu wa Tanga mnaofungasha chetezo, nawasalimu, lakini hapana. Msione ni ukali wa bure. Januari 2000 moto uliwaua wanafunzi watatu kwenye bweni la Seton Hall kule New Jersey, na baada ya hapo jimbo lile likaweka sheria kwamba mabweni yawe na mabomba ya kunyunyizia maji darini. King'ora kikilia saa nane usiku bweni zima linatoka nje kwenye theluji, na kila mtu atamjua aliyechoma udi.

Makoti je? Jamani, lile koti zito mnalonunua Karume kwa bei ya mwaka, huenda lilitoka huku huku! Limevuka bahari kwenda, sasa mnalilipia livuke kurudi. Na mengi si ya baridi ya hapa, ambayo Januari inashuka mpaka nyuzi 20 chini ya sifuri. Baridi kali inaanza Novemba. Mtoto akifika mwezi wa nane kuna joto na mbu, ana miezi miwili ya kupita maduka ya mitumba kutafuta koti la dola 30.

Sasa nije kwenye kazi yangu, maana hapa ndipo roho inaniuma. Yule binti aliyekuja na mabegi matatu hakuja na kadi ya kliniki. Vyuo vingi vinataka uthibitisho wa chanjo mbili za surua, matumbwitumbwi na rubella, tena zilizotolewa baada ya mtoto kutimiza mwaka mmoja. Sindano ya surua tuliyozoea kwetu ya miezi tisa hawaihesabu. Rubella yenyewe Tanzania iliingia mwaka 2014, na matumbwitumbwi haimo kwenye ratiba yetu. Kwa hiyo akakuta usajili wa muhula umefungwa mpaka achanjwe upya, kwa hela yake, wiki ya kwanza ya masomo. Tena analia, kwa sababu ana sufuria saba lakini hana dola hamsini.

Kuna na kipimo cha kifua kikuu. Kwa sisi tunaotoka kwetu wanapima karibu wote. Tulichanjwa BCG utotoni, lile kovu la begani, na kipimo cha ngozi kinaweza kuvimba kwa sababu ya chanjo hiyo. Mtoto aombe kipimo cha damu, hicho hakidanganywi na BCG. Akipimwa cha ngozi kikivimba, anapelekwa kupigwa picha ya kifua huku anatetemeka, akidhani atarudishwa nyumbani.

Kwa hiyo hela ya begi la tatu mpeleke mtoto kwa daktari wa meno. Jino linalouma likatibiwe Dar, maana bima nyingi za wanafunzi haziingii kinywani. Miwani mbili, siyo moja. Kama ana pumu, dawa ya kutosha kwenye boksi lake na barua ya daktari. Vyeti, pasipoti, I-20 na hiyo kadi ya chanjo ni vya mkononi, visipakiwe kwenye begi la chini. Na apewe hata dola 300 za kununua shuka, mto na koti.

Najua mtasema nimekuwa Mzungu, mtoto atasafirije mikono mitupu kama katoroka! Sikusema mikono mitupu. Kanga doti mbili hazina mpinzani: ni taulo, ni shuka, ni pazia la faragha, ni kilemba, na siku akiugua nyumbani ni kitu cha kujifunika. Binzari na hiliki kidogo, dagaa wakavu waliofungwa vizuri, na ayaandike kwenye fomu ya forodha bila kuficha. Nyama kavu, matunda na mbegu aache. Na mama achague kitu kimoja chake mwenyewe akiweke, chochote, hata kama hakina maana. Kimoja lakini, mama!

La mwisho, hili halina uzito wowote. Dawa ya mseto msimpe ya kujitibia gizani. Mwambieni akipata homa miezi ya mwanzo aende hospitali siku hiyo hiyo na aseme mlangoni: "Nimetoka Tanzania, nipimeni malaria." Madaktari wa huku wengi hawaiwazi, watasema ni mafua. Nimeshasimama kando ya kitanda nikalisema mimi kwa niaba ya mgonjwa, kwa sababu yeye hakujua kwamba anatakiwa aseme.

Haya, nalala kidogo, naingia saa moja usiku. Wenye watoto wa mwaka huu niandikieni mapema, tarehe ya kufika na jina la chuo. Sufuria ninazo.