Aibu Tuliyoipika Kanisani

Ndugu washarika, tangu wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walipotambuliwa Kagera mwaka 1983, sisi wa Nyanda za Juu Kusini tumetafuta wa kumlaumu. Hapa Iyunga tumewanyooshea kidole madereva wa malori yaendayo Tunduma na wanawake wa vilabuni. Ni uongo wa kujifariji. Utafiti wa kitaifa wa 2022–2023 ulikuta virusi kwa asilimia 12.7 ya watu wazima wa Njombe, 11.1 Iringa na 9.6 Mbeya, kwa nchi nzima ni 4.4. Hao si madereva peke yao. Ni wanakwaya, wazee wa kanisa, wachungaji.

Dawa za kufubaza virusi zinatolewa bure tangu 2004. Anayezimeza vizuri mpaka virusi visionekane kwenye kipimo hamwambukizi mwenzi wake. Basi kwa nini bado tunazika? Kwa sababu ya aibu, na aibu hiyo tumeipika sisi kanisani. Tunahubiri kwamba UKIMWI ni malipo ya uzinzi, halafu tunashangaa mke mwaminifu akificha vidonge kwenye debe la unga. Tunawadai wachumba cheti cha kupima, kisha hatulitaji tena jambo hilo hadi makaburini, wasifu wa marehemu unaposema "alisumbuliwa na kifua".

Wengine husema tuombe tu, inatosha. Mwaka 2011 maelfu walikwenda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha shilingi 500 kwa mchungaji mstaafu wa KKKT, kanisa letu hili hili. Wako walioacha dawa wakiamini wamepona. Kikombe hakikuponya UKIMWI. Hezekia aliomba, Mungu akasikia, na bado Isaya aliagiza tini ziwekwe juu ya jipu (2 Wafalme 20). Sala na dawa havikugombana.

Wanafunzi walipomwuliza Yesu ni dhambi ya nani iliyomfanya mtu azaliwe kipofu, alilikataa swali lenyewe (Yohana 9). Sisi tumelirudisha mimbarani. Tutubu. Jumapili ijayo tuwaombee wanaomeza dawa hizi waziwazi, kama tunavyowaombea wenye kisukari. Mzee wa kanisa amsindikize jirani yake kliniki. Asiyeweza kusema "ninaishi na virusi" ndani ya nyumba ya Mungu, akasemee wapi?