Rangi Tatu Zatosha: Sanaa Si Somo la Matajiri

Nimeshika kalamu ili nitoe dukuduku langu juu ya neno linalosemwa sana hapa shuleni na hata kwetu nyumbani. Neno lenyewe ni hili: ati somo la Sanaa na Usanifu ni la watoto wa matajiri wanaoweza kununua rangi, na la wale waliozaliwa na kipawa. Wengine huongeza ati ni somo la wavivu. Matokeo yake mnayaona. Katika Kidato cha Tatu tuko wanafunzi tisa tu tunaolifanya, na tumesikia fununu kwamba chumba chetu huenda kikageuzwa ghala la vitabu vikuukuu. Mimi sikubaliani na maneno hayo hata kidogo, na sababu nitazitoa.

Kwanza wacha niwakumbushe aibu iliyonipata. Mnakumbuka bango la chama chetu la Siku ya Kiswahili Duniani, tarehe 7 Julai? Niliomba mwenyewe kulichora, hakuna aliyenilazimisha. Nilipaka bango zima rangi ya kijani, kisha nikaandika herufi kubwa kwa nyekundu. Nilipolitazama kwa karibu niliona limependeza ajabu. Kumbe! Lilipotundikwa bwaloni, waliokaa nyuma hawakuweza kusoma hata neno moja. Herufi zilikuwa kama zinatetemeka. Mgeni wetu wa heshima aliuliza, "Bango lile linasema nini?" Watu wakaangua kicheko. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Baada ya hapo nilijiambia kwamba sina kipawa, na afadhali niliache somo lenyewe. Mwalimu wetu wa Sanaa aliponiita nilidhani ananigombeza. Lakini alisema, "Wewe hukukosa kipawa. Ulikosa kanuni." Akatoa simu yake, akalipiga bango picha, akaiondoa rangi picha ile ikabaki nyeusi na nyeupe. Herufi zikapotea! Kijani changu na nyekundu yangu zilikuwa na giza sawasawa, hivyo zote mbili zikawa kijivu kimoja. Tena akanieleza kwamba wako watu, hasa wavulana, ambao macho yao hayatofautishi vizuri nyekundu na kijani. Hao hata wangekaa mbele wangepata taabu.

Kisha akanionyesha dirishani. "Tazama bendera," akasema. Bendera yetu ya taifa, inayopepea tangu mwaka wa 1963, ina nyeusi juu, nyekundu katikati na kijani chini. Lakini nyekundu haigusani na kijani wala na nyeusi. Baina yao pana ufito mweupe. Tangu darasa la kwanza tumefundishwa kwamba weupe ule ni amani, na ndivyo. Ila ufito huo unafanya na kazi ya pili: unazitenga rangi ili jicho lione kila moja peke yake hata bendera ikiwa mbali. Jioni ile nilizizungushia herufi zangu ukingo mweupe, na bango likasomeka mpaka langoni. Sikuwa nimepata kipawa kipya baina ya asubuhi na jioni. Nilikuwa nimepata kanuni moja tu.

Basi hebu niwape kanuni nyingine chache ili mwone kama kweli zinataka utajiri.

Chukua rangi tatu: nyekundu, manjano na buluu. Hizi huitwa rangi za msingi. Ongeza nyeupe na nyeusi, basi. Huna haja ya kisanduku cha rangi ishirini na nne. Chora duara ulikate vipande sita kama chapati. Weka rangi zako tatu ukiruka kipande kimoja kimoja, kisha katika kila nafasi iliyobaki weka mtoto wa majirani wake wawili. Manjano na buluu huzaa kijani. Manjano na nyekundu huzaa rangi ya machungwa. Nyekundu na buluu huzaa zambarau. Sasa tazama duara lako: kila mtoto anatazamana na yule ambaye si mzazi wake. Kijani inatazamana na nyekundu, machungwa na buluu, zambarau na manjano.

Rangi zinazotazamana hivyo ni kama mahasimu. Ukiziweka bega kwa bega kila moja hupiga kelele zaidi, ndiyo maana herufi zangu zilitetemeka. Lakini ukizichanganya huuana, zikawa kahawia au kijivu. Hiyo si hasara. Ukitaka rangi ya udongo au ya shina la mti, changanya nyekundu na kijani. Nyekundu yako ikiwa kali mno, usikimbilie nyeusi. Itie tone la kijani itapoa yenyewe.

Nyeupe na nyeusi zina kazi yake pia. Tia nyeupe katika nyekundu upate waridi. Tia nyeusi kidogo upate damu ya mzee, yaani rangi ya sweta zetu. Nasema kidogo kwa sababu nyeusi ni kama pilipili: ikishazidi chunguni huwezi kuitoa. Na ukitaka kujua kama picha yako itaonekana vizuri, finya macho uitazame. Vitu vikiungana vikawa kitu kimoja, jua kwamba giza na mwangaza wake havijapishana vya kutosha. Kufinya macho ni bei gani? Ni bure.

Najua kuna atakayesema, "Mbona mimi nilichanganya nyekundu na buluu nikapata tope?" Hata mimi yalinipata. Sababu ni kwamba nyekundu nyingi za mkebe huelekea machungwa, yaani zina manjano ndani yake. Ukitia buluu, rangi zote tatu za msingi zimekutana bila wewe kujua, na zikikutana huzaa tope. Tafuta nyekundu inayoelekea waridi utaona tofauti. Wapiga chapa wanalijua jambo hili vizuri, ndiyo maana hawatumii nyekundu na buluu zetu, bali majenta, samawati na manjano, pamoja na wino mweusi. Chukua lenzi ya maabara utazame picha ya rangi gazetini. Utaona ni nukta ndogo ndogo za wino huo, jicho ndilo linalozichanganya. Kwa hiyo hata picha za gazeti zima hutoka katika mikebe minne.

Sasa nije kwa wale wanaosema Sanaa ni ya wavivu. Je, Fizikia nayo ni ya wavivu? Katika miaka ya 1660 mwanasayansi Isaac Newton wa Uingereza aliupitisha mwanga wa jua katika kioo cha pembe tatu, akaona mwanga mweupe umefunguka ukawa rangi za upinde wa mvua. Katika kitabu chake cha mwaka wa 1704 alizipanga rangi hizo kwa duara. Hivyo duara lile tunalolichora sisi tisa katika chumba kinachotakiwa kuwa ghala ni mjukuu wa kazi ya Newton.

Na sisi wa chama cha Kiswahili tuna sababu yetu ya kulipenda somo hili. Tazameni majina ya rangi katika lugha yetu. Rangi zinazochukua viambishi kama vivumishi vingine ni tatu tu: nyeusi, nyeupe na nyekundu. Twasema mti mweusi, kiti cheusi, shati jeusi. Nyingi kati ya zilizobaki tumeziazima kwa vitu tunavyoviona: kijani ni ya jani, kijivu ni ya jivu, kahawia ni ya kahawa, manjano ni ile bizari ya jikoni, zambarau ni tunda lake. Maana yake ni kwamba Kiswahili kinatuambia, "Kabla hujataja rangi, nenda kakitazame kitu." Na ukikitazama utagundua kwamba jani la sukuma wiki si sawa na jani changa la mgomba. La kwanza lina buluu ndani yake, la pili lina manjano. Mtu aliyezoea kusema "kijani" na kupita hawezi kuliona hilo.

Jambo la mwisho linahusu nyumbani. Mama yangu ni fundi wa cherehani, ana kibanda kando ya barabara. Nilipomwambia kwamba nimechagua Sanaa aliniuliza, "Mwanangu, utakula rangi?" Sikumjibu, maana mkubwa hajibiwi ovyo. Lakini nilianza kumwangalia anavyofanya kazi. Mteja akileta nguo, mama haiamini taa ya kibandani. Huitoa nje juani ndipo achague uzi, kwa sababu anajua rangi hubadilika kulingana na mwanga. Tena huchagua uzi uliokoza kidogo kuliko kitambaa, maana uzi ukiwa umezungushwa kwenye kigurudumu chake huonekana mzito, ukishashonwa huonekana umepauka. Mama yangu hajawahi kuingia darasa la Sanaa, lakini kila siku anakula rangi. Na sisi watoto wake pia tunakula rangi hiyo hiyo.

Siku moja ya likizo mteja mmoja alikuja kuchukua gauni lake. Alikuwa ameleta kitambaa cha kijivu, akataka kipigwe ukingo mwekundu. Alipoliona alifoka. "Hiki si kitambaa changu! Changu kilikuwa kijivu, hiki kina ukijani-ukijani!" Mama aliapa kwamba hakukibadilisha, mteja akakataa, watu wakaanza kusimama. Nami nilikumbuka habari tuliyosomeshwa ya mwanakemia Michel Eugène Chevreul wa Ufaransa. Huyu alisimamia utiaji rangi katika kiwanda cha mazulia ya ukutani cha Gobelins kule Paris. Watu walilalamika kwamba rangi nyeusi ya kiwanda ni hafifu. Alipochunguza aliona rangi haina kosa. Kosa lilitokana na rangi zilizokuwa jirani yake. Akaandika kitabu kizima juu ya jambo hilo mwaka wa 1839. Kijivu kikiwa karibu na nyekundu, jicho hukipaka ukijani, kwa sababu kijani ndiyo inayotazamana na nyekundu.

Nikaomba ruhusa kwa mama. Nikachukua kipande kilichobaki cha kitambaa kile, nikakikata mara mbili mbele ya mteja. Kimoja nikakiweka juu ya kitambaa chekundu, kingine juu ya karatasi nyeupe. "Shangazi, tazama," nikamwambia. Akatazama. Kipande cha kwanza kilikuwa na ukijani, cha pili kijivu kitupu, na alikuwa ameona kwa macho yake kwamba vimetoka kitambaa kimoja. Alicheka, akalipa pesa zake zote, akaenda na gauni lake. Mama alikaa kimya kwa muda. Halafu akaniuliza, "Kumbe haya mambo mnafundishwa?"

Tangu siku ile sijaulizwa tena kama nitakula rangi. Shule ilipofunguliwa nilikuja na mfuko wa vipande vya vitambaa alivyonipa mama mwenyewe, tuvitumie darasani.

Sisi ndio wa mwisho katika mfumo wa 8-4-4, na ndugu zetu walioingia Gredi ya 10 wana mkondo mzima wa Sanaa na Sayansi ya Michezo. Itakuwa ajabu kama wao watafunguliwa mlango huo nasi tukiwaachia ghala. Kwa hivyo naomba mambo mawili. Kwa wakubwa wetu, chumba kile kiachwe kama kilivyo. Hatuombi kununuliwa visanduku vya bei, mikebe mitano ya rangi ya unga yatutosha muhula mzima. Kwenu wanafunzi wenzangu, msingoje mpaka mpate kisanduku cha rangi ishirini na nne. Fimbo ya mbali haiui nyoka. Bizari iko jikoni, makaa yako jikoni, chokaa na udongo mwekundu viko nje. Njooni siku ya Alhamisi baada ya vipindi, tuanze na lile duara la vipande sita. Na bango la mwaka ujao likishindwa kusomeka, nilaumiwe mimi.

Wasalaam.

Kidato cha Tatu